Timu ya Masomo Imepigwa, Lakini Si Watoto Waliotuangusha

Leo sileti habari ya barabara wala bei ya mchele. Naleta habari ya mpira. Lakini mtu asiseme ni habari ya mchezo tu, kwa maana maneno niliyosikia uwanjani siku ya mechi ya mwisho hayakuwa ya mchezo.

Mnaijua timu ninayosema. Ni timu ya wanafunzi wa sekondari, watoto wetu, na sitataja jina la masomo yao sababu wamekwisha kutajwa vya kutosha. Msimu mzima hawakushinda hata mechi moja. Siku ya mwisho wakapigwa tena. Filimbi ilipolia, watoto wakakaa chini kwenye majani, wengine wakajifunika uso na jezi. Na sisi watu wazima, kwa pahali pa kuwanyanyua, tukaanza kuwatukana. Mzee mmoja, mtu wa heshima, ambaye nilisali naye mara nyingi, alipaza sauti: «Tangu mmewaingiza hawa wahami, timu imeoza!» Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi.

Mimi sikucheka. Na sasa ninasikia kwamba mbele ya mwaka wa masomo kuanza tena, kuna wazazi wanaotaka mambo mawili yaamuliwe: ya kwanza, watoto wa wahami watolewe katika timu, ya pili, kama hiyo haitoshi, timu yenyewe ivunjwe na makuta yake yatumiwe kwa kazi ingine. Ndiyo maana ninaandika. Mambo hayo mawili ni mabaya, na nitaeleza sababu.

Tuanze na hilo la wahami. Ninauliza: timu hii ilikuwa inashinda lini mbele ya wahami kufika? Wenye kukumbuka vizuri watasema kweli: ilishinda siku moja moja, ikapigwa siku nyingi. Watoto waliotoka Salamabila, Wamaza na vijiji vya Kabambare hawakuleta bisirani katika mifuko yao. Hawakuwa na mifuko. Waliacha nyumba usiku, wengine walipoteza hata bulletini za masomo, wakavuka Luama na kufika hapa na nguo za mwilini. Jamaa za Kasongo ziliwapokea, na kwa hilo ninawashukuru wenyeji. Lakini kumpokea mtu katika nyumba, halafu kumwambia mtoto wake kwamba yeye ndiye mkosi wa mji, huko si kupokea. Ni kumpa mtu wali na kumwekea mchanga ndani.

Tena mnisikie vizuri, wenyeji. Kabambare na Kasongo ni majirani wa tangu zamani. Wangapi kati yenu mko na shangazi Kabambare? Wangapi mlioa huko? Siku ile ya harusi hawakuwa «wahami». Wakati vita viliposukuma watu, undugu ukasahauliwa juu ya magoli?

Sasa tuone msimu ule ulikuwa namna gani kwa kweli, kwa sababu wengi mlifika siku ya mechi tu, mkasimama pembeni ya mstari na mdomo wazi. Mimi nilikuwa ninapita pale hata siku za mazoezi.

Siku za mazoezi, timu ilikuwa nusu. Juu ya nini? Serikali ilitangaza masomo ya bure mwaka 2019, na tulifurahi wote. Lakini bure hiyo ni ya masomo ya msingi. Sekondari mzazi bado analipa. Mtoto wa muhami ambaye baba yake aliacha shamba nyuma, atalipa na nini? Basi kila mwisho wa mwezi, watoto wanafukuzwa kwa sababu ya makuta. Beki anafukuzwa leo, kipa anafukuzwa kesho. Wiki moja kocha, ambaye ni mwalimu wa kawaida na halipwi hata franga moja juu ya mpira, anapanga wachezaji 11; wiki ya pili anakuta 6. Mnataka timu iwe na mpango gani? Hata mpishi hodari, ukimnyang'anya chungu kila Ijumaa, atawalisha muhogo mbichi.

Na si wahami peke yao. Watoto wa wenyeji pia walikosa mazoezi: wakati wa kulima wako shambani, wakati wa kuvuna wako shambani. Mechi za ugenini walienda kwa miguu, wenye bahati wakapanda watatu juu ya pikipiki moja. Mtu anatembea asubuhi yote, anakula muhogo na sombe kidogo ao hali kitu, kisha saa tisa anaambiwa akimbie dakika 90. Dakika ya 60 miguu inakataa. Angalieni vizuri msimu ule: magoli mengi tulipigwa wakati gani? Kipindi cha pili. Hiyo si bisirani, wandugu. Hiyo ni njaa.

Kuna wale wanaosema dawa. Wanasema timu pinzani zilikwenda kwa mganga na sisi tulilala. Wengine walichanga makuta ya dawa mbele ya mechi moja, tulipigwa vilevile. Ninasema hivi tu: makuta yale yangenunua mkate na ndizi kwa watoto 11, na labda tungepata hata sare.

Na sasa niwapeleke mbali kidogo na uwanja wetu, ili muone kwamba kupigwa si haya ya watoto wa Kasongo peke yao.

Mwaka 2024, timu ya jimbo letu, AS Maniema Union ya Kindu, iliingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mnakumbuka namna tulivyofurahi, kutoka Kindu mpaka huku kusini. Ilipangwa na Raja ya Casablanca, AS FAR ya Rabat, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Mechi ya kwanza, mwezi wa 11, ilikuwa Pretoria, nyumbani kwa Sundowns, timu yenye makuta na viwanja ambavyo sisi tunaviona kwenye televisheni tu. Maniema Union ikarudi na sare, 0-0. Lakini mwisho wa kundi, timu yetu ikawa ya mwisho, bila kushinda hata mechi moja.

Basi tuseme nini? Kwamba vijana wale hawafai? Sundowns hiyohiyo, iliyoshindwa kuwafunga siku ile, ilifika mpaka fainali ya mwaka 2025, ikapigwa na Pyramids ya Misri. Tena msisahau jambo moja kubwa: mechi ambazo Maniema Union iliita za «nyumbani», haikuzicheza Kindu. Ilizicheza Kinshasa, mbali na watu wake. Timu ya Maniema nayo ilikuwa muhami! Ilipokea wageni katika nyumba ya mtu mwingine. Na sisi tuliokaa huku tukisikiliza kwenye radio, tulitukana wachezaji ao tulihurumia? Wengi tulihurumia. Tulisema: «Wamejitahidi, njia ilikuwa ndefu.» Kwa nini huruma ile tunawapa wachezaji wanaolipwa, na tunaikatalia watoto wa masomo ambao hawalipwi kitu?

Twende nyuma zaidi. Wazee wanakumbuka mwaka 1974. Nchi ilikuwa inaitwa Zaïre. Mwezi wa 3 mwaka ule, Leopards walishinda Kombe la Afrika huko Misri. Fainali na Zambia ilikuwa 2-2, ikarudiwa, wakashinda 2-0, na magoli yote manne ya siku hizo mbili alifunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga magoli 9, na mpaka leo hakuna aliyefunga mengi kupita hayo katika Kombe moja la Afrika. Nchi nzima ilicheza ngoma.

Miezi mitatu nyuma yake, wakaenda Kombe la Dunia, Ujerumani ya Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Tarehe 14 mwezi wa 6 wakapigwa na Scotland 2-0. Tarehe 18, Yugoslavia 9-0. Tarehe 22, Brazil 3-0. Magoli 14, na wao hawakufunga hata moja. Dunia ikacheka. Na mpaka leo inacheka juu ya Mwepu Ilunga, aliyetoka mbio katika ukuta na kupiga mpira wa adhabu wa Wabrazil. Wanasema hakujua sheria za mpira.

Hakujua sheria? Bingwa wa Afrika? Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijua sheria vizuri na alifanya kwa kusudi. Na wachezaji wa timu ile walieleza yale yaliyokuwa nyuma ya pazia: makuta waliyoahidiwa hawakuyaona, karibu wakatae kucheza na Yugoslavia, na nyuma ya zile 9 wakapewa vitisho kutoka kwa wakubwa kwamba Brazil isizidishe magoli matatu. Watu waliokula makuta walikaa kwenye viti. Watu waliochekwa walikuwa uwanjani. Ndiyo hadithi yote hiyo, na ndiyo hadithi ya Kasongo pia.

Na Ndaye Mulamba, yule shujaa? Mwaka 1994 alipigwa risasi na watu wenye silaha waliomvamia hapa nchini. Akakimbia, akaishi miaka mingi kama mkimbizi Afrika Kusini, katika maisha magumu. Mwaka 1998 walitangaza kwamba amekufa, hata wakanyamaza dakika moja juu yake katika Kombe la Afrika, wakati yeye alikuwa mzima. Alikufa mwezi wa 1 mwaka 2019, Johannesburg. Mfungaji wa magoli mengi kabisa katika Kombe moja la Afrika alikuwa mkimbizi. Mzee wangu uliyepaza sauti uwanjani, ungemwambia na yeye kwamba anaozesha timu?

Sasa niwe mkweli, kwa sababu mwandishi anayesema upande mmoja tu ni mchuuzi. Si kila kitu tutasema ni njaa na makuta. Kulikuwa na wachezaji waliokunywa lutuku mbele ya mechi. Kulikuwa na siku moja ambapo mmoja alimtukana mwamuzi na kutupa jezi, akaacha wenzake kumi uwanjani. Hiyo ni aibu, na njaa haiitakasi. Watoto hao waonywe. Lakini mwenye kunywa lutuku alikuwa mtoto wa mji, si muhami; na aliyetupa jezi vilevile. Sisemi hivi ili kuwashtaki watoto wa wenyeji. Nasema hivi ili muone kwamba makosa hayana kabila wala kijiji. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Basi na sisi washangiliaji tukubali.

Tufike kwenye jambo kubwa lenyewe. Wale wanaosema timu ivunjwe wanafikiri wanaokoa makuta. Ninawauliza: saa kumi ya jioni, kijana wa miaka 16 ambaye hana timu, hana shamba, masomo amefukuzwa, anakwenda wapi? Ninyi wote mnajua jibu. Anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kule Namoya na Salamabila, ambako pesa ya leo inaliwa leo. Ao anakwenda porini kwa wale wenye silaha. Watu wa Kabambare hawahitaji nieleze Mai-Mai Malaika ni nani. Wengine wenu mlikimbia wakati wa mapigano yao na jeshi, wengine mnaye mtoto aliyeingia huko na hamjui kama yuko mzima. Makundi hayo hayamuulizi kijana bulletini. Hayamfukuzi juu ya makuta ya masomo. Hayamwambii kwamba yeye ni muhami. Yanamwambia: «Karibu, ndugu.» Neno hilo tunalikataa sisi uwanjani, na wao wanalisema porini. Kisha tunashangaa!

Sisemi mpira unamaliza vita. Mpira haujamaliza vita popote. Lakini mara tatu kwa wiki, kwa saa mbili, mtoto wa Kabambare na mtoto wa Kasongo walivaa jezi ya rangi moja, wakaitana kwa majina, wakagawana maji ya kopo moja. Nilimwona kipa, mtoto wa muhami, akibebwa mgongoni na beki, mtoto wa mwenyeji, siku alipoumia goti, kutoka uwanjani mpaka nyumbani kwao. Mikutano mingapi ya amani imefanya kitu kama hicho? Tumekaa katika semina, tumekunywa soda, tumetia sahihi kwenye orodha, tumerudi kila mtu na kabila lake.

Kumbukeni mwezi wa 2 mwaka 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Leopards walifunika mdomo na mkono mmoja, na mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Walisema na dunia juu ya watu wa mashariki wanaouawa wakati wengine wananyamaza. Mechi ile walipigwa 1-0 na Côte d'Ivoire. Nani kati yenu anakumbuka mechi ile kwa goli? Wahami wanaikumbuka kwa mkono ule. Basi msiniambie kwamba timu iliyoshindwa haikufanya kitu.

Neno moja kwa wakubwa wetu. Wakati wa kampeni ya uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2023, jezi zilikuwa nyingi kama majani. Kila mwenye kutafuta kiti alikuwa na kombe lake, mipira yake, picha yake kifuani mwa watoto. Nyuma ya kura, mipira ilitoboka, na hakuna aliyerudi kuuliza. Leo watoto wanacheza na jezi zenye sura za watu wasiojua hata uwanja uko upande gani. Wakubwa, hatuombi kombe lenye jina lenu. Tunaomba uwanja usawazishwe, na barabara ya kwenda Kabambare ipitike, ili timu ya kule nayo ije na ile ya huku iende.

Na kwetu sisi wenyewe, kwa maana kulaumu wakubwa ni rahisi, ninaomba mambo manne mbele ya masomo kufunguliwa.

La kwanza: mtoto yeyote anayesoma hapa achezee timu ya hapa. Asiulizwe alitoka kijiji gani. Kama alipoteza bulletini katika vita, prefe na walimu wampime kwa mtihani, si kwa karatasi.

La pili: kamati ya wazazi ikubali jamaa zisizo na uwezo zilipe kidogo kidogo, hata kwa mchele, mihogo ao kazi ya mikono, kuliko kumfukuza mtoto katikati ya mwezi. Tunajua walimu nao wanaishi kwa makuta hayo. Ndiyo maana ninasema kulipa kidogo kidogo, sisemi kutolipa.

La tatu: siku ya mechi, kila kartiye itoe chakula kwa zamu. Chungu kimoja cha wali na sombe asubuhi. Hakuna dawa ya uwanjani yenye nguvu kuliko hiyo.

La nne: makuta ya timu yahesabiwe mbele ya watu, na karatasi ibandikwe kwenye mlango wa masomo. Wenye kusema timu inakula makuta bure, waje wasome ni makuta gani. Watashangaa namna ilivyo kidogo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Timu imepigwa msimu mmoja. Masomo yatafunguliwa tena, na msimu utaanza upya. Lakini mtoto mkimvunja moyo mbele ya watu, akaenda porini ao machimboni, hamtamrudisha kwa mkutano.

Mama wa Kabambare, wewe uliyenisimamisha njiani na kuniuliza kama mtoto wako atoe jezi na kuirudisha, jibu langu ni hili: aifue, aikunje, aiweke. Siku ya mazoezi ya kwanza aivae. Mimi nitakuwa pale. Na mzee wangu wa uwanjani, nakuheshimu, nakukaribisha na wewe. Njoo usimame karibu yangu, na tukipigwa tena, tuwapige watoto makofi ya kuwapongeza, kisha tuwape maji.